Kofia Zangu Kumi na Mbili na Mvua ya Kakuma

Wacha niwaambie mwenyewe, kwa mdomo yangu, kabla Nakwang hajawaambia, kwa sababu Nakwang akisimulia hii maneno anaongeza chumvi mpaka mtu anafikiri niliua padri. Sikuua padri. Padri yuko mzima na aliniombea. Lakini aibu ni yangu, mimi ndio niliisuka kwa mikono yangu hii, nikaitia rangi, nikaianika kwa kamba, nikaivalisha wanawake kumi na mmoja na mgeni wa heshima mmoja, sasa nitaogopa nini kuisema?

Mimi ni Akiru, mama Ewoi, wa hapa Lodwar. Kwetu Akiru ni jina ya msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, kwa hivyo mjue kutoka mwanzo kwamba mimi na mvua tunajuana (na bado ilinifanyia vile ilinifanyia).

Nikiwa mdogo sikusoma, nilichunga mbuzi. Kusoma nilianza nikiwa na watoto watano, kwa darasa la jioni la watu wazima, tunakaa kwa madawati ya watoto wa darasa la kwanza, magoti inagonga kidevu, mtu na mjukuu wake wanatumia daftari moja. Nilijua kuandika jina yangu nikiwa na miaka karibu arobaini na siku hiyo nililia mpaka mwalimu akadhani nimeumwa na nge. Na kutoka siku hiyo nikawa na tamaa moja, sikuambia mtu, hata mzee wangu, baba Ewoi: kwamba siku moja tu, kabla Mungu hajaniita, nisimame mbele ya ubao, chaki iwe kwa mkono yangu, watu wengine ndio wakae kwa dawati waniangalie.

Lakini ningefundisha nini? Hesabu yenyewe inanikimbia. Kitu kimoja tu ndio najua bila kufundishwa na mwalimu yeyote, nayo ni kusuka majani ya mkoma. Vikapu, mikeka, kofia, vifuniko. Mama yangu alisuka, na yeye alikuwa na rangi moja tu: alikuwa anachemsha magome ya mti pamoja na vipande vya chuma yenye kutu, siku mbili nzima, mpaka maji inakuwa nyeusi kabisa, na hiyo nyeusi ukiitia kwa jani haitoki tena, hata mbuzi alambe. Anasuka kikapu nyeupe ya jani lenyewe, halafu karibu na mdomo anazungusha mstari mmoja mwembamba mweusi. Basi. Nilikuwa nasuka hivyo hivyo, na nilikuwa naipenda, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini naipenda.

Sasa mwaka ule (kambi ya Kakuma ilikuwa bado mpya, turubai na vumbi tu) jua lilitupiga mpaka mbuzi zikaanza kuanguka zikitembea. Kanisa ikapanga siku ya kuombea mvua, huko Kakuma, sisi wa Lodwar na wale wa kambi na wa kijijini pamoja, na padri mzee mmoja mgeni atakuja kuongoza. Kwaya yetu ya akina mama ikaalikwa kuimba. Sista Klara, yule anasimamia kazi za mikono za akina mama, akaniita nyuma ya kanisa, akaniambia, "Mama Ewoi, jua ya Kakuma unaijua. Suka kofia za kwaya, na moja ya Padri. Na ujue tunafungua darasa la kusuka la wasichana. Natafuta mwalimu. Nitaangalia hizo kofia."

Akaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama hapo kama nguzo. Mwalimu! Chaki! Ubao! Nilirudi nyumbani nikiruka laga, ule mto wetu mkavu, kama msichana.

Usiku huo nilishukuru Mungu, na asubuhi nikasuka ya kwanza, ya kujaribu. Nyeupe, na ule mstari mmoja mweusi wa mama yangu (nilikuwa na jani kidogo ya rangi yake imebaki). Ilitoka vizuri. Niliivaa nikajiangalia kwa kioo cha mzee wangu cha kunyolea ndevu, nikatabasamu peke yangu kama mtu mjinga. Kama ningeishia hapo, haya yote hayangekuwa. Lakini nikafanya kosa moja dogo, dogo sana: nikatoka nje nikauliza watu, "Mnaonaje?"

Nakwang alikuwa wa kwanza, yeye ni jirani na ndiye sauti kubwa ya kwaya. Akaizungusha, akainusa (sijui kwa nini), akasema, "Akiru dada yangu, nakupenda, lakini hii kofia imepoa. Imekaa kama kifuniko cha chungu. Tunaenda mbele ya watu! Tia nyekundu."

Nikaona kweli, nyekundu.

Mzee wangu akasema tunaombea mvua, na mvua ni majani, kwa hivyo tia kijani, Mungu aone tunataka nini. (Kama Mungu hawezi kujua mpaka aangalie kofia.) Nikaona kweli, kijani.

Apua, binti yangu wa sekondari, amerudi likizo na maneno ya mjini, akasema, "Ai, mathe, hiyo ni ya kizamani, hiyo hata nyanya hawezi vaa. Weka yelo, ing'are." Nikaona kweli, yelo.

Halafu mke wa katekista, ambaye nilimkuta tu kisimani na hata sikumuuliza, akasema rangi ya kanisa ni zambarau, kofia ya kanisa bila zambarau ni kofia ya soko. Nani anataka kubishana na mke wa katekista? Zambarau.

Ile kofia ya kwanza nikaitupa juu ya kabati kwa aibu, hata sikutaka iniangalie.

Shida sasa ni rangi yenyewe nitatoa wapi. Ya mama yangu ni nyeusi peke yake na ni siku mbili jikoni, na mimi nimebaki na siku nne za kusuka kofia kumi na mbili. Ndipo nikakumbuka zile karatasi za mapambo, zile laini za mikunjo tunapamba nazo kanisa Krismasi. Ukiloweka kwa maji zinatoa rangi kama damu. Nikaenda kwa Sista Klara nikaomba zilizobaki stoo, akanifungulia mwenyewe, akanihesabia mikononi nyekundu, kijani, yelo, zambarau, hakuniuliza ni za nini.

Jamani, hiyo nyumba yangu! Mabeseni manne uwanjani, mimi nimepinda mgongo katikati, mikono ya rangi mpaka kwa kiwiko. Mbuzi ya jirani akaja akanywa beseni ya nyekundu, akazunguka mtaa mzima na mdomo mwekundu, watu wakaanza kuulizana amekula nani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikufikiria hata mara moja: kama rangi imeshika mdomo wa mbuzi kwa kunywa tu, itashika nini ikiloa? Lakini nyinyi niambieni, Lodwar nani anafikiria kuloa? Kitu tunajaribu kwa jua. Ikishinda jua, imeshinda.

Kofia zikaisha zote kumi na mbili. Nikazianika kwa kamba moja, nikasimama nikaziangalia. Na hapa nitasema ukweli, maana nimeshaahidi: tumbo yangu ilikataa. Kidogo tu. Ni kama ukivaa viatu vya mtu mwingine, vinakutosha, lakini mguu unajua. Nyekundu inagombana na kijani, yelo inapiga kelele, zambarau imenuna pembeni. Nikaiambia tumbo yangu inyamaze, kwani wewe tumbo unajua nini, watu wanne wamesema.

Siku ikafika. Tukapanda lori ya misheni alfajiri, tukaimba kutoka Lodwar bila kupumzika, na kila mtu tunampita barabarani anasimama kutuangalia, wachungaji wanainua fimbo, mimi nafura kichwa nikijua ni kwa sababu ya kofia. Ile ya kwanza nilikuwa nimeibeba pia, lakini si kichwani. Nilitia mandazi ndani, nikafunika na kitambaa, maana vikapu vyote vilikuwa vimejaa na mandazi lazima ikae mahali.

Katikati ya safari, jua limepanda, nikaona mstari mwekundu kwa paji la uso la Nakwang.

"Nakwang, umekwaruzwa na nini?"

"Wapi?" Akajipangusa. Mstari ukawa doa pana. "Ah, ni joto. Mimi joto inanitoa hivyo."

Nikakubali. Nakwang ninamjua miaka ishirini, sijawahi kuona joto ikimtoa hivyo, lakini nikakubali.

Kakuma tulipokewa vizuri sana, "Ejoka! Ejoka!" kila upande, na maji ya kunywa, na watu wa kambi wamevaa safi. Hapo nikamkuta rafiki yangu Nyandeng, mama Msudani mrefu kama mlingoti, anayeshona maua kwa mashuka. Tulijuana sokoni miezi ya nyuma, yeye na shuka zake, mimi na vikapu vyangu. Akanikumbatia, halafu akashika kofia yangu kwa ukingo, akalamba kidole chake, akasugua. Kidole kikatoka chekundu. Akaniangalia.

"Ya ukti, dada yangu, hii rangi umechemsha na chumvi, isitoke na maji?"

Nikacheka, nikamwambia kwa kiburi kabisa, "Nyandeng, mvua itoke wapi?"

Akasema polepole, "Lakini si ndio mmekuja kuomba?"

Nyinyi mnaona? Mimi sikuona. Mimi nilitoka Lodwar kilomita zaidi ya mia kuombea mvua, na moyoni sikuwa nimepanga ije. Nilishaitubia hiyo baadaye, lakini siku hiyo nilimpiga Nyandeng bega nikaenda kujipanga na kwaya.

Misa ikaisha vizuri. Tukatoka kwa maandamano mpaka ukingo wa laga, mchanga mtupu, kuomba hapo mahali maji inapaswa kupita. Sista Klara akanipa ishara. Nikatoka mbele ya watu wote, nikampa Padri kofia yake. Mzee mwenye uso mwema, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Akaivaa pale pale, akainua mikono, na watu wakapiga makofi, na mimi nikamwangalia Sista, na Sista alikuwa anaangalia kofia, nikasema moyoni: chaki hiyo, Akiru, chaki hiyo.

Padri akaanza kuomba. Akaomba kwa nguvu. Mawingu yalikuwako tangu asubuhi, lakini mawingu ya kwetu ni kama wageni wasioshuka garini, yanakusalimia yanapita. Sasa hayo hayakupita. Upepo ukanyamaza, ikaja ile harufu, mnaijua, ya vumbi likishtuka, na tone la kwanza likaanguka kwa pua ya Nakwang, tap.

Vigelegele! Sijasikia vigelegele kama vile. Watu wa kambi, watu wa vijijini, wazee waliokuja na viti vyao vidogo, kila mtu amefungua mikono. Na nyinyi mnajua sisi mvua ikikuja hatukimbii. Mtu anakimbiaje kitu amelilia miezi minane? Unasimama hapo hapo, unaloa, unacheka, unatoa mtoto nje naye aloe. Mungu akikupa unapokea na mwili wote. Kwa hivyo hakuna hata mmoja alisogea. Padri naye hakusogea, alifunga macho, akainua uso juu, mikono juu, machozi yanamtoka. Na sisi kwaya tukaanza wimbo wa shukrani, kwa nguvu zote.

Ni mimi nilianza kuona, kwa sababu nilisimama pembeni nawaongoza. Nakwang amefungua mdomo kwa ile sauti yake, na maji ya kijani inaingia kwa pembe ya mdomo, anatema anaimba, anatema anaimba. Mama wa pili, shavu moja zambarau. Wa tatu, masikio mekundu yote mawili kama taa za gari. Wanawake kumi wanaonekana ni kama wamepigana na upinde wa mvua wakashindwa. Na kila mmoja anamwona mwenzake, hajioni mwenyewe, kwa hivyo kila mmoja anamcheka mwenzake, na wimbo ukaanza kukatika kwa kicheko.

Nikageuka nimwangalie Padri. Mungu wangu. Nyekundu imeshuka kwa paji la uso ikagawanyika kwa pua, kijani imepita nyuma ya sikio, yelo imeingia kwa nyusi zake nyeupe, na zambarau (rangi ya kanisa!) inashuka kifuani mwa ile kanzu kama imetumwa. Na yeye amefunga macho, amejaa furaha, hajui kitu. Watu wakaanza kunyamaza kidogo kidogo. Halafu bibi mmoja mzee sana, mbele kabisa, akashika kichwa akasema kwa sauti ya woga wa kweli:

"Jameni, padri anayeyuka!"

Hapo ndipo dunia ilipasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa kwa matope. Padri akafungua macho, akaona mikono yake, akaona kanzu yake. Na mimi, badala ya kutulia, nikakimbia mbele na leso yangu nimpanguse. Msiwahi kupangusa rangi ya karatasi! Nilipangusa mara tatu, na zile rangi nne ambazo angalau zilikuwa na mistari zikawa rangi moja, ya maini. Padri wa rangi ya maini. Nikapangusa tena kurekebisha. Ikafika shingoni.

"Mama," akasema polepole, "pumzika."

Nakwang akaona nimekwama. Nakwang ana moyo, lazima niseme, moyo wake ni mkubwa kuliko akili yake. Alitupa ile kofia ya Padri kando, akakimbia kwa lori, akachomoa kofia yangu ya mandazi chini ya kiti, akamwaga mandazi yote kwa matope bila kuomba ruhusa, akaibandika kwa kichwa cha Padri ili mgeni asilowe. Makombo yakamwagika mabegani. Kipande kimoja cha mandazi kikabaki kimeshika ukingoni, pale juu ya jicho.

Na mvua ikanyesha juu ya hiyo kofia, na hakuna kitu kilishuka. Maji safi tu. Nyeupe ikabaki nyeupe, na ule mstari mweusi wa mama yangu ukakaa pale pale, umetulia, kama hausikii kelele zote hizi.

Sista Klara akaja katikati ya matope. Akaokota kofia ya rangi, ikamtia mkono zambarau. Akaangalia kichwa cha Padri. Akauliza, "Hizi za rangi ni kazi ya nani?"

Kabla sijapumua, Nakwang amejibu. "Hizo tulinunua, Sista! Zilitoka Kitale! Watu wa Kitale ni waongo sana, Sista. Hiyo ingine, hiyo nzuri, ndio ya Akiru." Na akanikonyeza kwa lile jicho la kijani.

Nawaambia ukweli, huo uongo niliutamani. Niliona ubao. Niliona wasichana kwa madawati. Nikasema moyoni, ni neno tu, tena hata sio mimi nimelisema, ni Nakwang. Lakini nilikuwa nimetoka kukomunika asubuhi hiyo hiyo, na mvua ya Mungu mwenyewe inanipiga kichwani, niliyoiomba bila kuitegemea na bado akanipa. Ningeanza kusimama mbele ya watoto wa watu na uongo wa kofia?

"Sista," nikasema, "ni zangu zote. Hii na hizo. Kitale hawana makosa."

Nakwang akashika kichwa. Sista akaniangalia na uso mkavu kabisa, maji inatiririka kwa miwani, akasema, "Najua, Mama Ewoi. Karatasi ni mimi nilikupa."

Wueh! Nilikuwa nimesahau! Mimi na Nakwang tungedanganya mtu aliyenifungulia stoo! Nilitaka laga ijae saa hiyo inibebe mpaka ziwani.

Lakini Sista hakuwa amemaliza. Akachukua kofia kutoka kichwa cha Padri (alimwomba radhi kwanza), akaigeuza ndani, akavuta msuko, akatoa kipande cha mandazi, akauliza, "Kama unajua kusuka hivi, kwa nini hii ilibeba mandazi?"

"Walisema imepoa."

"Nani walisema?"

"Watu."

"Na wewe ulisema nini?"

Nimejibu maswali mengi kwa darasa la jioni, mengine nikabahatisha, lakini hilo lilinishinda. Nilisema nini mimi? Nilitabasamu kwa kioo, halafu nikatoka nje kuuliza kama nimetabasamu vizuri. Nikasema, "Mimi sikuulizwa, Sista." Halafu nikajisikia, nikasema, "Hapana. Sikujiuliza."

Padri ndiye alituokoa. Alikuwa anajiangalia kwa kioo cha lori, anageuza shavu huku na huku, akasema, "Mimi niliomba mvua tu. Rangi sikuomba. Lakini huyu Mungu wa Turkana ni mkarimu." Watu wakacheka upya, na akairudisha ile kofia nyeupe kichwani mwake mwenyewe.

Mnafikiri iliishia hapo? Laga ilijaa. Lori haikuweza kuvuka, tukakaa Kakuma siku mbili, wanawake kumi na mmoja wenye sura za mabeseni yangu, maana rangi hiyo kofia iliikataa lakini ngozi iliipenda. Tulisugua na sabuni, tukasugua na mchanga. Tukienda sokoni watu wanatufuata. Wasichana wawili wa kambi walimsimamisha Nakwang wakamuuliza kwa adabu kama hiyo ni desturi ya kwaya za Lodwar, na kama wao pia wanaweza kupakwa kwa harusi ya Jumamosi. Nakwang akawaambia ndiyo, muone yule pale, ndiye fundi. Akaninyoshea kidole! Padri aliondoka na gari ndogo maji ilipopungua, na tukasikia kwamba mpaka kizuizi cha barabarani kule Kainuk askari walimuuliza anaumwa nini kwa sikio, na akawaambia ni baraka.

Siku hizo mbili nilikaa kwa Nyandeng. Alinipa chai, akanionyesha rangi zake za uzi, ipi inachemshwa na chumvi na ndimu, ipi haina dawa. "Karatasi ni ya kupamba ukuta, ya ukti. Malesh, pole, lakini ni hivyo." Kila shuka yake ina ua lile lile, la samawati, lenye majani matatu tu, na niliona wanunuzi wanakuja mmoja mmoja wanamwambia weka ndege, weka moyo, weka waridi. Nikamuuliza hao wote anawajibu nini.

"Nawaambia asante."

"Halafu?"

"Halafu nashona ua langu."

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani, na chai yenyewe ilitoka na zambarau kidogo.

Darasa nilipewa. Ndiyo, nilipewa! Sista alikuja nyumbani mwenyewe, akaniwekea chaki mezani, boksi nzima. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya wasichana kumi na sita, nikaandika jina yangu kwa ubao, AKIRU, kubwa, na R ikageukia nyuma, nikaifuta nikaandika tena, na hakuna aliyecheka. Kofia ile nzuri sikuwa nayo ya kuwaonyesha, Padri alienda nayo, kwa hivyo niliwatundikia ukutani ile nyingine, iliyoharibika kuliko zote, ya kwake. Bado iko hapo. Na sheria ya darasa ni moja: kitu chako cha kwanza unasuka ukiwa umeangalia ukuta, hutamwonyesha mtu, hata mimi, mpaka umalize na ujue mwenyewe kama umekipenda. Ukishajua, toka nje uulize dunia nzima ukitaka. Apua wangu alikuja siku moja akaona wanavyosuka kimya, akasema, "Mathe, hii darasa imepoa." Nikamwambia asante.

Mimi mwenyewe nimeapa: sitatoka tena nje na kofia kabla sijakaa nayo ndani siku nzima, mimi na yeye, tukielewana. Na karatasi ya Krismasi nikiiona hata kanisani nageuza uso.

Lakini mvua, nayo haisahau. Inakuja mara moja moja tu hapa kwetu, na tone la kwanza likigonga bati, nasikia Nakwang anapiga kelele kutoka ng'ambo ya ua, na mtaa wote unasikia: "Mwalimu! Mwalimu, kofia!" Watu wanacheka, na mimi nacheka nao, natoka nasimama nje niloe kama kila mtu. Ila kwanza naingiza kofia ndani. Hata zile nyeupe.